Usaili wa kundi kwa kazi ya mauzo ya safari Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kampuni ya safari inapotangaza nafasi ya mauzo hapa mjini, simu yangu hujaa meseji, na maswali ni yale yale. Nimekaa pande zote mbili za meza. Nimesailiwa kwa kundi mara mbili, ya kwanza nikaanguka vibaya, na siku hizi huitwa kukaa pembeni na kalamu kuangalia wengine wakisailiwa. Nimejibu hapa kwa mpangilio ambao watu huniuliza, kwa hiyo la maana linaweza kuwa katikati na la kipuuzi likawa juu.

Usaili wa kundi ndiyo nini? Kwa nini wasiniite peke yangu?

Mnaitwa watu nane, kumi, hata kumi na wawili. Mnawekwa chumba kimoja, mnapewa kazi ya kufanya pamoja, na watu wawili watatu wamekaa kandokando wakiandika. Baada ya hapo kila mtu hufanya mazoezi yake: barua pepe ya kujibu, simu ya mgeni wa kuigiza, hesabu kidogo. Mwisho wachache hubakizwa kwa mazungumzo ya ana kwa ana.

Sababu mojawapo ni muda, maana nafasi moja huvuta maombi mengi. Lakini sababu kubwa ni kwamba kwenye usaili wa mtu mmoja kila mtu ni msikivu, mvumilivu na mpenda wateja. Muulize tu, atakwambia. Mweke mezani na wenzake saba kwa dakika arobaini ndipo utajua kama ni kweli.

Hiyo kazi ya mauzo ya safari ni ipi hasa?

Wengi huja wakidhani watakuwa wanazunguka mbugani. Hapana, ni kazi ya kiti, kompyuta na simu. Mgeni yuko Denver au Munich, amekuandikia. Unamjibu, unamtengenezea ratiba, unampigia bei, anataka ibadilishwe, unaibadilisha mara nne, anapotea wiki mbili, unamkumbusha bila kumkera, analipa amana, unamkabidhi kwa watu wa oparesheni. Dereva na wapagazi ndio watakaomwona. Wewe huenda usimwone kabisa.

Saa nazo ujue. New York iko nyuma yetu kwa saa saba au nane kutegemea majira yao, California kwa saa kumi au kumi na moja. Mgeni wa huko akimaliza chai ya asubuhi, wewe uko kwenye chakula cha usiku. Kampuni nyingi zitakuuliza hilo siku hiyo hiyo ya usaili, na jibu la "hamna shida" lisilofikiriwa hujulikana.

Si kazi ya flaikacha pia, wale vijana wa Mnara wa Saa wanaomdaka mgeni barabarani. Ingawa, niseme ukweli, nimewahi kuona wawili waliohama kutoka barabarani kwenda ofisini wakatuacha wote nyuma. Mtu aliyezoea kukataliwa mara thelathini kwa siku na bado akasema karibu sana kwa uso mkunjufu, hana cha kufundishwa kuhusu barua pepe isiyojibiwa.

Nimeambiwa nifike saa 2:00. Ya Kiswahili au ya Kizungu?

Usicheke, kuna watu wamekosa kazi kwa hili. Ujumbe ukiwa wa Kiswahili ukisema saa 2:00 asubuhi, hapo hamna utata. Ukiwa wa Kiingereza na ukaandikwa 2:00 bila neno la ziada, uliza. Kuuliza hakukupunguzii kitu. Kazi unayoiomba imejaa watu wanaotuliza wageni waliokosa ndege kwa sababu ya saa.

Nivae nini?

Nguo safi ya ofisini, iliyopigwa pasi, viatu vya kufunika. Suti si lazima. Ila usije na kaki za mbugani na kofia, tafadhali. Kila msimu hakosi mmoja.

Wasaili niwaite nini? Shikamoo inafaa?

Inafaa kabisa kwa aliyekuzidi umri, kabla kikao hakijaanza. Kikao kikishaanza kwa Kiingereza, fuata Kiingereza. "Dada" na "kaka" ni salama kwa wenzako wa kundi, na kama kuna mama mtu mzima miongoni mwenu, mwite mama, usimwite kwa namba yake (kila mmoja hubandikwa namba kifuani). "Bosi" liache mlangoni. Halafu msalimie dada wa mapokezi na mlinzi kama watu, kwa kuwa baada ya ninyi kuondoka, huulizwa. Mimi mwenyewe huuliza.

Zoezi la kundi linakuwaje? Nipe mfano.

Nitatoa mfano mmoja niliousimamia, nimebadilisha vitu vidogo tu. Karatasi waliyopewa ilisema hivi: familia ya watu watano, baba, mama, mtoto wa miaka 9, mwingine wa 13, na bibi wa miaka 71 mwenye goti linalouma. Wanatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) tarehe 12 Februari saa mbili usiku, wanakaa usiku sita. Wanataka kuona nyumbu wakivuka mto kama walivyoona kwenye televisheni. Bibi hapandi ndege ndogo. Bajeti ni ya wastani. Mna dakika arobaini, mkubaliane ratiba moja, mmoja wenu aiwasilishe.

Dakika tatu za kwanza zilikwenda kwa mashindano ya kutaja majina ya lodji. Kisha kijana mmoja, namba 3, akachukua kalamu ya ubaoni akaandika: Arusha, Tarangire, Serengeti kaskazini, Kogatende, Mto Mara. Akachora na mishale. Alikuwa na sauti nzuri, na kundi likamfuata kama kondoo.

Shida ni kwamba Februari nyumbu hawapo Mto Mara. Wanavuka kati ya Julai na Oktoba hivi, wakifuata nyasi na maji kaskazini. Februari wako kusini, Ndutu, kwenye nyasi fupi zinazoota juu ya majivu ya volkano yenye madini, na huko ndiko wanakozaa. Familia hii ingefika Kogatende ikakuta mto, mamba, na nyumbu hakuna. Na kutoka Arusha hadi kule kwa gari, na goti la bibi, ni safari ya kumwombea.

Wawili mezani walilijua hilo. Niliwaona. Mmoja alitikisa kichwa akanyamaza, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake, nadhani ili tukisome baadaye. Hatusomi madaftari. Wa pili, namba 7, dada aliyekuwa hajasema kitu tangu mwanzo, akauliza: "Samahani, huyu bibi anapandaje kwenye gari?"

Chumba kikatulia. Landkruza ya safari iko juu, na siku ya mbugani mtu hupanda na kushuka mara nyingi. Swali lile likazaa la pili (kwa siku atakaa kwenye gari masaa mangapi?), na la pili likazaa la tatu (kwani lazima twende kaskazini?). Ndipo namba 7 akasema, kwa upole kabisa, akimgeukia namba 3: "Kaka, ramani yako ni nzuri, naomba tuibakize, tubadilishe mwisho wake tu. Februari nyumbu wako Ndutu. Hawavuki mto, lakini watoto wataona ndama wanazaliwa." Namba 3 akafuta mwenyewe.

Ratiba waliyoishia nayo: usiku mmoja Arusha kwa sababu wanatua usiku, mmoja Karatu wakipitia Manyara, mitatu Ndutu, na mmoja tena Karatu wakishuka kreta ya Ngorongoro njiani. Kisha KIA, na walikumbuka kutenga saa nne za barabarani siku ya mwisho. Si ratiba pekee inayofaa. Ningeipa maksi hata kama wangeweka Tarangire mahali pa Manyara.

Namba 7 alisema mara nne kwa dakika arobaini. Nilihesabu.

Kwa hiyo anayeongea sana hapiti?

Anaweza kupita. Namba 3 tulimwita pia kwenye hatua iliyofuata, kwa sababu alipokosolewa alifuta kwa mkono wake na hakununa. Hilo ni adimu kuliko ufahamu wa Kogatende.

Karatasi ya msaili kwa kawaida ina safu za vitu kama kusikiliza, kuuliza, kupanga, kushawishi, kuangalia muda. Mimi huweka kijistari kila mtu anapoendeleza hoja ya mwenzake, au anaporudi kwenye karatasi kuangalia mgeni aliomba nini. Wengi hushangaa kusikia hili la pili. Kati ya watu kumi, wanaorudi kusoma karatasi baada ya dakika ya tano hawazidi wawili. Na huo ndio ugonjwa mkubwa wa ofisi za mauzo: mgeni aliandika kwamba mke wake haoni vizuri gizani, sisi tunamtumia kambi yenye njia ya kokoto isiyo na taa.

Niseme la kwangu. Kwenye usaili wangu wa kwanza, mimi ndiye niliyekuwa namba 3. Mto huo huo, mwezi ukiwa Machi. Niliongea karibu nusu ya muda wote, nikatoka nimevimba kichwa, nikampigia mama kumwambia kazi nimepata.

Mimi ni mpole. Nitafanyaje?

Usijilazimishe kuwa mtu mwingine, utachoka kabla ya saa sita. Jipangie kitu kimoja: ndani ya dakika kumi za kwanza niseme neno moja lenye kazi. Swali linatosha. "Bajeti yao tumeiangalia?" linatosha. "Zimebaki dakika kumi na tano, nani anaandika?" linatosha. Ukipita nusu ya muda bila kusema, kila dakika inayofuata inakuwa nzito zaidi kufungua mdomo.

Na kama una jambo la kweli unalijua, kama wale wawili walivyojua kuhusu Februari, ukinyamaza umemwacha mgeni apotee. Upole haukusaidii hapo. Liseme kwa adabu lakini liseme.

Na kama kuna mtu anaharibu, anakatiza kila mmoja?

Usipigane naye. Mrudishe aliyekatizwa: "Naomba dada amalizie, alikuwa anasema kuhusu watoto." Sentensi hiyo moja imewapa watu kazi. Inamnyamazisha mkatizaji bila kumdhalilisha, na ndivyo utakavyofanya na mgeni mmoja mwenye kelele ndani ya kundi la wageni sita.

Zoezi la barua pepe linapima nini?

Linapima kama unasoma. Mgeni wa zoezi huandika mistari miwili: wapo wawili, wanataka siku tano, tarehe 10/06, bei gani? Mtego uko kwenye tarehe. Mmarekani akiandika 10/06 anamaanisha tarehe 6 Oktoba. Mjerumani au Mwingereza anamaanisha tarehe 10 Juni. Nyumbu wako sehemu tofauti, bei za lodji zinaweza kuwa tofauti. Anayeuliza "unamaanisha mwezi gani?" tayari ametangulia.

Kosa la pili ni kumjibu mtu wa mistari miwili kwa kurasa mbili za historia ya Serengeti. Hajauliza ilianzishwa lini (ni 1951, kama una hamu). Jibu zuri lina shukrani fupi, maswali mawili au matatu ya lazima, makadirio ya bei yenye maelezo ya kilichomo na kisichomo, na hatua moja inayofuata. Jina lake liandike kama alivyoliandika yeye. Nimesahihisha barua iliyomwita mgeni kwa jina la mji anakotoka.

Kiingereza changu si kizuri sana. Nitaangushwa?

Kama sentensi zako zinaeleweka na hazina utata kwenye bei, tarehe na idadi ya watu, usiogope. Wageni wengi wenyewe Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu. Kinachoangusha ni maneno makubwa yaliyokaririwa kutoka kwenye vipeperushi, yale ya paradiso isiyosahaulika. Ukijua Kijerumani, Kifaransa au Kihispania hata cha kuombea maji, kiseme mapema. Kuna meza nzima za mauzo zinazokwenda kwa lugha hizo.

Mgeni wa kuigiza akiomba punguzo nimpe?

Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka kwa huruma. Simu inalia, msaili yuko chumba cha pili, anasema amepata bei ya chini kwa kampuni nyingine, nipunguzie asilimia kumi nilipe leo. Msailiwa, akiogopa kumpoteza, anasema sawa.

Tuhesabu, namba hizi ni za mfano tu. Gharama ya safari ni dola 2,000, kampuni imeongeza asilimia 20, bei ni 2,400. Faida ni 400. Asilimia kumi ya 2,400 ni 240. Umebakiza 160. Kwa neno moja "sawa" umetoa zaidi ya nusu ya faida, na hukuuliza hata swali moja.

Anza kwa kuuliza hiyo bei nyingine ina nini ndani. Viingilio vya hifadhi vimo? Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, imo? Gari ni lao peke yao au wanachanganywa na wengine? Mara nyingi tofauti imejificha humo. Bei ikibaki juu baada ya hapo, badilisha safari ili bei ishuke kihalali: lodji ya daraja la chini kidogo usiku mmoja, au waje nje ya msimu wa kilele. Aprili na Mei masika inamwaga na bei nyingi hushuka, ila mwambie barabara zitakuwaje.

Jambo moja zaidi: usiiseme vibaya kampuni nyingine. Mji huu ni mdogo. Msaili wako huenda alifanya kazi huko.

Hesabu ni ngumu?

Si ngumu, zina mitego. Jua gharama ipi ni ya kichwa na ipi ni ya gari. Kiingilio cha hifadhi ni kwa mtu. Gari na dereva ni kwa gari, na ada ya kushuka kreta ya Ngorongoro nayo hutozwa kwa gari. Gari likiwa dola 250 kwa siku, kwa siku tano ni 1,250: wawili watabeba 625 kila mmoja, watano watabeba 250. Ndiyo maana wageni wawili huona safari ni ghali na kundi la watano huona ya kawaida. Ukiweza kumweleza mgeni hivyo bila kumchosha, umeuza.

Mtego wa kodi: bei ya 2,360 yenye kodi ndani ina kodi ya 360, siyo asilimia 18 ya 2,360. Na mtego wa faida: ukitaka faida iwe asilimia 20 ya bei ya kuuzia, gharama ya 2,000 unaigawa kwa 0.8 unapata 2,500. Kuongeza asilimia 20 juu hakukufikishi. Kuna watu wamefanya kazi hii miaka mitatu hawajui tofauti hiyo.

Wiki moja kabla nisome nini?

Ramani ya mzunguko wa kaskazini mpaka uione ukiwa umefumba macho: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, lango la Ngorongoro, Ndutu, Serengeti. Soma nyumbu wako wapi mwezi gani. Soma njia za Kilimanjaro: Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala, nyingine ni mahema, na kilele ni mita 5,895, namba ambayo mgeni atakuwa ameikariri kuliko wewe. Ujue ukingo wa Ngorongoro ni baridi, uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, wageni huja na kaptula.

Kisha vitu vidogo vinavyoulizwa kila siku. Ndege ndogo za ndani kwa kawaida huruhusu kilo 15, na begi liwe laini. Mifuko ya plastiki haiingii nchini tangu Juni 2019. Viza ya kawaida ni dola 50, Mmarekani hulipa 100. Anayemalizia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya huko, dola 44, iliyoanza Oktoba 2024, hata kama anayo bima ya kwao, na hapo ndipo utakaposikia lawama, jiandae. Hifadhi ya Nyerere ilitengwa kutoka Selous mwaka 2019, lakini wageni wengi bado wanaitafuta kwa jina la Selous.

Kitu ambacho sikushauri ni kukariri majina ya lodji arobaini. Yatakujaa kichwani na utayamwaga dakika tatu za mwanzo kama wale.

Sijawahi kufika Serengeti. Niseme?

Sema. Wapo watu wengi tu waliozaliwa Arusha hawajawahi kuvuka lango la Ngorongoro, na msaili anajua. Ukidanganya, swali la pili litakuumbua: "Ulipofika Naabi Hill, pale lango la Serengeti, ulikula wapi?" Sema hujafika, kisha sema unachokijua na ulikijuaje, labda kwa mjomba ambaye ni dereva. Mzawa kwa mzawa, kiingilio chetu ni nafuu sana ukilinganisha na cha mgeni. Ukipata nafasi ya kujiunga na gari la watu, hata Tarangire kwa siku moja, itakusaidia kuliko semina.

Mtindo huu wa kusaili umetoka wapi?

Jeshini. Uingereza iliuanza mwaka 1942, katikati ya vita, ilipokuwa inatafuta maofisa: watu wanawekwa pamoja bila kiongozi, wamevalishwa namba badala ya majina, wanapewa kazi, wengine wanaangalia. Wajerumani walikuwa na mazoezi ya namna hiyo kabla yao. Mwaka 1956 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ikaanza kuutumia kuchunguza mameneja wake, na kutoka hapo ukaingia maofisini duniani. Zile namba za stika kifuani mnazobandikwa kwenye ofisi za Njiro, hapa Arusha, ni za ukoo huo.

Wanaruhusiwa kuniuliza kama nina mimba, au kabila langu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, mimba, hali ya ndoa, ulemavu na mingine, na inamhesabu hata mwombaji wa kazi. Jibu la adabu lipo: "Naona ningependa tuzungumzie namna nitakavyoimudu kazi." Kuuliza kama utaweza zamu za usiku ni halali. Kukuuliza utazaa lini ni jambo jingine.

Wameniomba hela ya fomu. Nitoe?

Usitoe. Wala usitoe "ya mafunzo" itakayorudishwa.

Kuna ujanja mwingine usioonekana kama wizi. Niliwahi kuombwa, kama "zoezi la nyumbani", niandae ratiba kumi na mbili kamili zenye bei na maelezo. Nilikesha usiku mbili. Kazi sikupata, na miezi michache baadaye sentensi zangu nilizikuta zikiuza safari mtandaoni, hata kosa langu la herufi likiwa palepale. Ratiba moja ya mfano ni usaili. Kumi na mbili ni ajira bila mshahara. Na ukiombwa uje na orodha ya wageni wa kampuni unakofanya kazi sasa, kataa. Anayekuajiri kwa ajili ya orodha atajua utaondoka na ya kwake.

Si wameshapanga watu wao? Ya nini kwenda?

Wakati mwingine wamepanga, sitakudanganya. Mtoto wa mjomba yupo. Lakini mauzo ni idara ambayo mwisho wa mwezi namba huonekana ukutani, na mtu wa kubebwa akikaa miezi sita bila kuuza hata mjomba huchoka. Wengine waliokuja nafasi ikiwa imejaa walipigiwa simu wiki nne baadaye mtu alipoacha.

Mshahara niulizie lini?

Kwenye mazungumzo ya ana kwa ana, mkisha kuzungumzia kazi. Uliza mambo matatu kwa pamoja: mshahara wa msingi, kamisheni huhesabiwa kwenye nini, na hulipwa lini. Hilo la mwisho ndilo la maana. Kamisheni inaweza kulipwa mgeni anapolipa amana, au anapomaliza safari. Mgeni wa Februari anayelipa amana Julai anaweza kukufanya usubiri miezi saba, na kodi ya nyumba haisubiri. Uliza pia mgeni akiahirisha inakuwaje.

Usaili ukiwa kwa njia ya mtandao?

Mambo ni yale yale, ila majogoo yazuie. Nunua bando la kutosha, kaa karibu na dirisha, na usizime kamera wenzako wakiongea. Tunaona nani anasikiliza na nani anasoma meseji.

Wiki imepita, kimya. Nipige simu?

Siku ile ile, jioni, tuma barua fupi ya kushukuru, mistari minne, yenye kitu kimoja mahususi kutoka kwenye zoezi. Baada ya siku saba za kazi, kumbusha mara moja. Tunaiangalia namna unavyotukumbusha, kwa kuwa kesho utakuwa unamkumbusha mgeni aliyepotea. Namba 7 aliandika siku ya nane: aliuliza kama uamuzi umefikiwa, kisha akaongeza kwamba amepita kwa fundi magari mtaa wa Sakina kuangalia zile ngazi ndogo za kupandia kwenye landkruza, na zinapatikana. Nikaenda kumwonyesha meneja ile barua kabla hajamaliza chai yake.